Mwanafunzi mtu mzima mwenye dispraksia: tumsaidie vipi kwenye notsi, insha na mazoezi ya wodini?

Mshauri_Leicester aliandika:

Habari za jioni wadau, na shikamooni kwa wakubwa.

Nipo kwenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu katika chuo kikuu kimoja hapa Uingereza. Nimepangiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, mtu mzima mwenye watoto, Kiswahili ndiyo lugha anayofikiria nayo, na ripoti yake ya uchunguzi inasema dispraksia (ubongo unapata shida kupanga na kuratibu vitendo vya mwili). Nina saa moja naye kila wiki. Wenye disleksia (shida ya kusoma na tahajia) nimezoea kufanya nao kazi, lakini huyu anasoma bila shida na akieleza jambo kwa mdomo unamwelewa vizuri kabisa. Anakwama hapa:

Kwanza, kwenye mhadhara akiandika hasikii, na akisikiliza haandiki. Daftari limejaa nusu sentensi.

Pili, insha ya maneno 1,500: mambo yote yamo, ila yamemwagika. Aya ya tatu ilipaswa kuwa ya kwanza, na hoja moja imetokea mara tatu.

Tatu, kazi ya siku nne anaikadiria kuwa ya jioni moja.

Nne, karibuni anaingia maabara ya ujuzi na baadaye wodini. Mabomba ya sindano na ampuli (vichupa vya dawa vinavyovunjwa shingo) vinamtia hofu, na mtihani wa hesabu za dawa nao unamsubiri.

Naomba mbinu zenyewe: dakika ngapi, karatasi gani, hatua zipi, na wapi huwa panaharibika. Maneno ya kumtia moyo ninayo ya kutosha.


KalamuNzito alijibu:

Dada, niweke kwanza jambo moja maana mbinu zote zinatoka hapo. Kwa watu wengi, kuandika kwa mkono kumeshakuwa kama kutembea: mkono unakwenda wenyewe, akili inabaki huru kumfuata mhadhiri. Kwa mwenye dispraksia mkono hauendi wenyewe, kila herufi inasimamiwa. Akili ile ile inayotakiwa imsikilize mhadhiri ndiyo inayoendesha kalamu, na haitoshi kwa kazi zote mbili. Kwa hiyo ukimwambia aongeze bidii kwenye kuandika, umempunguzia nguvu za kuelewa. Mwondolee kuandika kadiri inavyowezekana.

Mhadhara. Slaidi azipate siku moja au mbili kabla. Asiwe anaomba kila wiki kwa kila mhadhiri. Liandikwe mara moja kwenye mpango wake wa msaada, chuo kiwaarifu wahusika wote. Achapishe slaidi tatu kwa ukurasa, mistari ikiwa pembeni, upande mmoja tu wa karatasi (kugeuza karatasi huku unasikiliza ni kazi nyingine ya mkono). Arekodi. Simu iwekwe hali ya ndege, ilale juu ya skafu au kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu juu ya meza tupu inanasa kila kiwiko na kila kalamu inayoanguka. Mhadhara ukiendelea aandike vitu viwili tu, dakika na alama. «23 ?» maana yake dakika ya 23 sikuelewa. «41 !» maana yake hili nitalihitaji kwenye insha au mtihani. Basi, hakuna kingine.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanarekodi mihadhara yote, wanaipanga vizuri kwenye kompyuta, na hawasikilizi hata mmoja. Au wanakaa kuandika upya neno kwa neno, mhadhara wa saa moja unakula jioni nzima. Weka kikomo: alama zisizidi tano kwa mhadhara. Ndani ya saa 24 arudi kwenye dakika hizo tu, aanze kusikiliza dakika moja kabla ya alama, kisha aseme kwa sauti alichokielewa na kukipiga chapa kwa sentensi moja. Dakika 20 zinatosha. Na mzuie kabisa kunakili notsi upya ili zipendeze. Saa nzima inakwenda kwenye mwandiko na hakuna kinachobaki kichwani.

Insha. Ulivyosema «yamemwagika» umeiona shida yenyewe. Mpangilio haukai kichwani wakati mkono nao unataka kuhudumiwa, basi mpangilio utolewe kichwani uwekwe mahali anapouona. Saa ya kwanza ya insha asiandike kitu. Msomee swali, ajibu kwa mdomo, kwa Kiswahili, dakika kumi, simu ikirekodi. Kila hoja inayotoka iandikwe kwenye kipande chake: karatasi ya A4 iliyokatwa katikati, maka peni, maneno yasiyozidi saba. Vile vikaratasi vidogo vya njano vya kunata viacheni. Mwandiko wake hauenei humo, na vinajikunja akivibandua. Tandazeni vipande sakafuni. Avisogeze yeye mwenyewe mpaka mfuatano ukubali, na kila anaposogeza aseme kwa nini hiki kinatangulia kile. Hoja iliyojirudia itaonekana hapo hapo, vipande viwili vitakuwa vimelala pamoja. Piga picha. Kila kipande kiwe kichwa kidogo kwenye Word, na paneli ya vichwa ibaki wazi kushoto mwa ukurasa ili aone mifupa yote wakati anaandika nyama.

Maneno yagawanywe kabla hajaanza. Kwa 1,500: utangulizi 150, hitimisho 150, zinabaki 1,200. Hoja nne za maneno 300, au tatu za 400. Akishikilia hoja sita, kila moja inapata 200, na kwenye 200 hakuna nafasi ya dai, ushahidi na maelezo. Ndani ya zile 300 pawe na sentensi moja ya dai, ushahidi na marejeo yake, sentensi tatu nne zinazoeleza ushahidi huo unathibitisha nini, na moja inayorudi kwenye swali lililoulizwa.

Rasimu ikiisha, pembeni mwa kila aya aandike maneno matano yanayosema aya hii inafanya kazi gani. Aya isiyokubali maneno matano ina kazi mbili, ikatwe. Aya mbili zenye maneno yale yale ziunganishwe. Kuhariri kuwe kwa raundi, kila raundi na kitu kimoja: mpangilio kwanza, kisha sentensi (kompyuta imsomee kwa sauti, yeye afuate kwa macho), kisha marejeo, mwisho tahajia. Akitafuta vyote kwa pamoja hataona hata kimoja. Na mpaka wako ujulikane tangu siku ya kwanza: unamwonyesha namna ya kuona kosa, humsahihishii. Ukianza kunyoosha sentensi zake, kazi inaacha kuwa yake.

Kuandika kwa sauti kunasaidia, lakini kuna namna yake. Watu huongea huku wanatafuta sentensi, mashine inaandika vipande na vigugumizi, na kuvisafisha ni kazi kubwa kuliko kuandika. Anyamaze, atunge sentensi nzima kichwani, aiseme yote, ataje nukta, anyamaze tena. Aanze na dakika kumi kwa siku. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, kwa hiyo mawazo ya mwanzo anaweza kuyatoa kwenye simu kwa Kiswahili kabla ya kuyaweka kwenye Kiingereza. Wapo wenye dispraksia ambao ulimi nao haukubali. Wa namna hiyo asilazimishwe.


TibaKwaVitendo alijibu:

Kwenye mhadhara na insha sina la kupunguza. Mimi niseme mikono, maana maabara haisubiri.

Kumwonyesha kitendo mara kumi hakumfikishi mbali mwenye dispraksia. Jicho linaona vizuri, mwili haunakili. Kinachomfaa ni kitendo kugeuzwa kuwa maneno. Ipo njia iliyotengenezwa Kanada, inakwenda kwa hatua nne: lengo, mpango, fanya, kagua. Lengo alichague yeye, na liwe dogo («nivute mililita 2 bila kumwaga»). Mpango auseme kwa maneno yake. Afanye. Kisha akague: nini kimekwenda, nini kimekataa, na mpango ubadilike vipi. Wewe kazi yako ni kuuliza, «Iliteleza wakati gani?» au «Macho yako yalikuwa wapi?», usimpe jibu mapema. Mpango alioutunga mwenyewe ndio atakaoukumbuka wodini saa nane usiku.

Chukua hiyo ampuli. Kwa mwalimu wa maabara ni kitendo kimoja. Kwa mikono yake ni mlolongo mrefu, na huwa panakatika sehemu mbili: kuvunja shingo, na ile hali ya mkono mmoja kushika ampuli huku mwingine unavuta pistoni (kile kijiti cha ndani ya bomba). Hizo mbili zifanyiwe mazoezi peke yake kabla ya kuunganisha mlolongo mzima.

Kuvunja shingo: ampuli nyingi za kioo zina nukta ya rangi kwenye shingo. Nukta imtazame yeye, kidole gumba kikae juu ya nukta, asukume kwenda mbali naye. Shashi izungushwe shingoni, au atumie kifungulio cha plastiki cha ampuli kama kipo. Aombe, ni kifaa kidogo sana. Aanze na ampuli za plastiki za maji, za kioo zije baadaye.

Kuvuta: viwiko vyote viwili vikae juu ya benchi. Kisha vifundo vya mikono viguse, kifundo kwa kifundo. Mikono ikiwa imeachana kila mmoja unatetemeka kivyake na ncha ya sindano inakimbia mdomo wa ampuli. Ikigusana inatetemeka pamoja, na ncha inabaki ndani. Pistoni asiivute kwa vidole viwili akibadilisha mshiko katikati. Aisukume kutoka chini kwa kidole gumba cha mkono ule ule ulioshika bomba. Kwa mazoezi ya mwanzo atumie bomba la mililita 5 kwa kuwa ni nene na linashikika. Akishazoea ahamie kwenye saizi inayotakiwa kwa dozi, kwa sababu dozi ndogo haisomeki sawasawa kwenye bomba kubwa.

Trei: vitu vipangwe kwa mfuatano wa kutumiwa, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na chini ya trei pawe na mkeka wa mpira usioteleza. Apige picha ya trei iliyopangwa sawa aiweke kwenye simu, aiangalie kabla ya kila zoezi.

Kushoto na kulia huwachanganya wengi. Watu hujiwekea saa ya mkononi kama alama, lakini kwenye hospitali za Uingereza muuguzi anakaa mikono wazi hadi kiwiko na saa ya mkononi haivaliwi. Atumie ile saa ya kubandika kifuani, siku zote upande wa kushoto, asibadilishe hata siku moja. Kabla ya kugusa mgonjwa aguse saa yake, aseme kimoyomoyo «huku kushoto kwangu», kisha ahakikishe upande kwa mgonjwa mwenyewe na kwenye karatasi ya maagizo.

Muda wa mazoezi: dakika 15 kila siku kwa siku nne zina faida kuliko saa nzima ya siku moja. Baada ya dakika 20 hivi mikono inachoka, makosa yanaongezeka, na anayajifunza makosa hayo pamoja na ujuzi.

Hesabu za dawa. NMC, baraza la wauguzi la Uingereza, linataka mwanafunzi apate asilimia 100 kwenye hesabu za dawa kabla ya kusajiliwa, kwa hiyo hapa hakuna pa kujificha. Shida ya wenye dispraksia mara nyingi ni tarakimu kuhama safu, hesabu yenyewe wanaijua. Mpe karatasi ya vyumba vya mraba kama daftari la hesabu la shule ya msingi: kila tarakimu chumba chake, na nukta ya desimali nayo chumba chake. Mfano: imeandikwa miligramu 1.25, ampuli ina miligramu 5 ndani ya mililita 2. 1.25 gawanya kwa 5 ni 0.25, mara 2 ni mililita 0.5. Nukta ikihama, 1.25 inakuwa 12.5 na jibu linakuwa mililita 5. Sasa mfundishe swali la kuuliza kila mara kabla ya kuandika jibu: «Hii ni ampuli ngapi?» Nusu mililita ni robo ya ampuli, sawa. Mililita 5 ni ampuli mbili na nusu; hapo kalamu isimame, arudi juu.


BintiPwani alijibu:

Namba tatu hamjaigusa, na ndiyo inayobomoa kazi zote mlizoeleza.

Dispraksia kwa wengi inagusa hisia ya muda. Dakika kumi na dakika arobaini anazihisi sawa. Kumnunulia shajara nzuri hakutibu hilo, atajaza makadirio mabovu kwenye shajara nzuri. Apime kwanza. Kwa wiki moja, kabla ya kila kazi aandike anadhani itachukua dakika ngapi, akimaliza aandike zilizochukuliwa kweli. Alidhani makala ya kurasa kumi ni dakika 40, ikachukua 70: 70 gawanya kwa 40 ni 1.75. Akishakuwa na kazi tano sita achukue wastani. Hiyo ndiyo namba yake, na kuanzia hapo kila makadirio yazidishwe kwa namba hiyo kabla hayajaingia kwenye kalenda. Inasaidia pia kumtoa kwenye fikra kwamba ni mvivu, maana sasa anaona ni kipimo tu.

Kisha mpange kwa kurudi nyuma. Tuseme insha inatakiwa Ijumaa tarehe 28 Novemba. Siku yake ya kuwasilisha iwe Jumatano tarehe 26, asubuhi tahajia, mchana anatuma. Jumanne 25 sentensi na marejeo. Jumatatu 24 utangulizi, hitimisho na kukagua mpangilio. Jumapili hafanyi kitu. Jumatano 19 mpaka Jumamosi 22 ni hoja moja kwa siku, maneno 300, akifika 300 anafunga kompyuta hata kama ana hamu. Jumanne 18 ni vipande sakafuni. Wiki iliyotangulia ni ya kusoma. Siku zenye zamu ndefu ya wodini andika sifuri kwenye masomo, usiandike «saa moja jioni» kwa sababu hiyo saa haipo. Mwenye dispraksia anachoka kuliko wenzake kwa zamu ile ile, kila tendo la mwili limemgharimu umakini.

Kalenda iwe moja. Ukutani, A3, muhula wote uonekane kwa jicho moja. Kengele za simu ziandikwe kitendo: badala ya «Mhadhara», iandikwe «Simama, chukua mkoba, vaa viatu», na ilie dakika 15 kabla ya kutoka mlangoni. Kwa mkoba, yale mafaili ya pete na mashine ya kutoboa ni adhabu kwa mikono yake. Bahasha za plastiki angavu, rangi moja kwa kila somo, zimemaliza. Kwenye kompyuta majina ya mafaili yaanze na tarehe, 2025-11-18_insha1_rasimu2, yatajipanga yenyewe.

Kidogo natofautiana na KalamuNzito kwenye hizo saa 24. Kwa mwenye watoto, siku ya mhadhara mara nyingi haina hata hizo dakika 20. Mimi ningempangia vipindi viwili visivyohama, kwa mfano Jumanne na Ijumaa, na alama za mihadhara yote zimalizwe hapo.


KalamuNzito alijibu:

BintiPwani, hapo umenishinda, vipindi visivyohama ni bora kwake. Siku mbili tatu bado rekodi inakumbukika. Isivuke wiki tu.


Mdau_Ubungo aliandika:

Nimesoma yote, asanteni sana. Ila haya ni ya nchi yenye mfuko. Huku Dar darasa lina watu mia kadhaa, slaidi zinakuja baada ya mhadhara kama zikija, na mwanafunzi hajawahi kupimwa kitu. Anaonekana mzembe tu wa mwandiko. Aanzie wapi?


KalamuNzito alijibu:

Hata Uingereza fedha haiji yenyewe, Mkuu. Kwa England kuna posho ya wanafunzi wenye ulemavu, inaombwa kwa Student Finance England. Siyo mkopo na haiangalii kipato. Inatakiwa ripoti ya uchunguzi, kisha tathmini ya mahitaji, ndipo zinapatikana programu, kompyuta (pauni 200 za kwanza analipa mwanafunzi) na saa za mshauri kama hizi za dada. Mwanafunzi wa kimataifa haipati. Lakini Sheria ya Usawa ya 2010 inakibana chuo chenyewe kumfanyia marekebisho yanayofaa, awe na posho au asiwe nayo, kwa hiyo kukosa posho kusimfanye anyamaze.

Kwa huko nyumbani namwachia TibaKwaVitendo.


TibaKwaVitendo alijibu:

Mdau, anza na karatasi ya ushahidi, siyo na jina la ugonjwa. Kaa naye chumba kimya. Dakika kumi aandike kwa mkono juu ya mada anayoijua, kwa mwandiko anaoutumia siku zote. Apumzike. Dakika kumi nyingine apige chapa juu ya mada inayofanana. Hesabu maneno yanayosomeka tu, gawanya kwa kumi. Tuseme mkono unatoa maneno 11 kwa dakika na kibodi 24: hizo namba mbili zina nguvu mbele ya mkuu wa idara kuliko kurasa tatu za maelezo. Weka na karatasi yenyewe ya mwandiko, ili aone mwandiko ulivyoanza na ulivyokuwa dakika ya tisa. Kama kibodi nayo inatoa 11, basi kompyuta peke yake haitamwokoa, aombewe muda au mtu wa kumwandikia.

Kisha mwone mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayesaidia watu kumudu shughuli za kila siku). Tanzania wanasomeshwa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, Kenya KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, na wako kwenye hospitali kubwa. Mwambie aandike kwenye barua mwanafunzi anaweza nini na nini hawezi, kwa muda gani, akiishia na maombi mahususi. Neno «dispraksia» peke yake wengi ofisini hawajalisikia. Kwenye barua ya kuomba, Tanzania taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Kenya taja Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010. Kote kuwili kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Ibara ya 24 aya ya 5, inayotaja elimu ya juu waziwazi; Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009.

Wakati barua inazunguka ofisini, kuna visivyohitaji saini ya mtu. Rekodi kwa simu yoyote, kwa ruhusa ya mhadhiri. Ubao upigwe picha, usinakiliwe. Aelewane na wenzake wawili, siyo mmoja, apige fotokopi ya notsi zao steshenari kila Ijumaa; mmoja akiumwa notsi zinaendelea kuja. Kaunta buku aiache, ni nzito na kurasa hazihamishiki. Atumie karatasi moja moja ndani ya bahasha za plastiki. Kalamu izungushwe ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, inanenepa na haitelezi, vidole havibani sana na maumivu yanapungua. Boksi faili likilazwa, upande mnene ukiwa mbali naye, linakuwa mteremko mzuri wa kuandikia: kifundo cha mkono kinainuka na shingo hainami. Miguu yote ikanyage sakafu. Kama kiti ni kirefu, weka rimu la karatasi chini ya nyayo.


Mshauri_Leicester aliandika:

Nimeshachapisha majibu yenu. Swali la mwisho: mitihani. Chuo kimempa asilimia 25 ya muda wa ziada na kinaona kimemaliza. Je, kimemaliza?


BintiPwani alijibu:

Hakijamaliza. Mtihani wa saa mbili ukiongezwa asilimia 25 unakuwa saa mbili na nusu, na kama anaandika kwa mkono umempa nusu saa zaidi ya maumivu. Omba vitu vitatu tofauti, kila kimoja na sababu yake. Kompyuta, kwa sababu ya kasi na kusomeka, ukiambatisha kile kipimo cha dakika kumi kumi. Mapumziko yanayosimamisha saa, kwa mfano dakika 5 kila baada ya dakika 30, kwa sababu ya uchovu wa mkono. Na chumba chenye watu wachache, kwa sababu akikatizwa hupoteza alipofika.

Lingine husahaulika: karatasi za majibu za kusiliba. Kusogeza jicho kutoka swali la 37 kwenda mstari wa 37 wa karatasi nyingine, kisha kusiliba kiduara kidogo bila kutoka nje, hayo ni matatizo yake yote mahali pamoja. Akiruka swali moja, majibu yote yaliyofuata yanashuka mstari. Omba ajibu kwa kuzungushia herufi kwenye karatasi ya maswali yenyewe, msimamizi ahamishe. Wakikataa, rula iwekwe chini ya mstari anaousiliba, na kila maswali kumi asimame alinganishe namba za pande zote mbili.

Na mtihani wa vitendo, wa vituo vituo, muda wa ziada uombewe pia ule wa kusoma maelekezo mlangoni. Ndipo anapotunga mpango wake wa maneno.


Mshauri_Leicester aliandika:

Ahsanteni nyote. Kesho nina saa naye, nafikiria kuanza na kipimo cha mkono na kibodi, vipande vya insha, kupima muda, na trei.


TibaKwaVitendo alijibu:

Vinne ni vingi kwa saa moja, dada. Kipimo cha mkono na kibodi kwanza, dakika 25 pamoja na mapumziko, kwa sababu barua ya mitihani inakisubiri. Halafu umpe karatasi ya kupima muda aende nayo nyumbani. Vipande wiki ijayo. Dakika tano za mwisho ajirekodi mwenyewe kwenye simu akisema atafanya nini, siku gani, saa ngapi. Ukimwandikia wewe, karatasi itabaki kwenye mkoba.